Swali la Mwanga Nililonyamazishwa

Mamba, Mpimbwe

Mjukuu wangu Skola,

Huku tuko wazima, mpunga umekubali mwaka huu na mama yako anakusalimu. Ila ulichoniandikia kimenikasirisha. Umesema msimamizi wako chuoni anataka uache utafiti wa nadharia ya fizikia ya kwanta, eti mtoto wa Katavi achague pampu za maji. Umeniuliza ufanye nini.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu alitufundisha kwamba mwanga una tabia ya mawimbi na pia ya chembe. Nikauliza, "Kitu kimoja kinawezaje kuwa viwili?"

Akanijibu, "Na jikoni kwako hilo litakusaidia nini?"

Darasa likacheka, nikakaa. Lakini nilikuwa dawati la mbele, nikaona alivyokwepa macho yangu. Hakuwa na jibu, na badala ya kusema hajui, akaninyamazisha. Hadi leo hasira haijaniisha.

Pampu ni kazi nzuri kwa anayeipenda. Wewe umependa kwanta. Rudi kwa huyo msimamizi ukamwambie mada yako haibadiliki. Akikuuliza nani amekushauri, mtajie jina langu kamili.

Bibi yako,
Yustina