Msiitike Hadi Niwashike Mkono

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi: Mbulu
Tarehe: 18 Desemba 2006, saa 3:40 asubuhi
Jina: Gaudensia Nikolausi. Umri: miaka 34. Kabila: Mwiraqw. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima. Makazi: Tlawi.

Mimi niliyetajwa hapo juu ninaeleza kwa hiari yangu kama ifuatavyo.

Ninaishi Tlawi na mume wangu Yoakimu. Tulikuwa na watoto wawili, Getruda wa miaka saba na Nicodemo wa miaka mitano.

Mnamo tarehe 16 Desemba 2006, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, tulifika sote wanne kwenye makumbusho ya watoto yaliyofunguliwa mwaka huu nje kidogo ya mji. Tulikuwa tumewaahidi tangu shule ifungwe. Pale kila kitu ni cha kushika, hata ukutani wameandika "Tafadhali gusa." Nicodemo alisaga mtama kwenye jiwe, kisha akavaa ngozi ya mbuzi ikamburuta chini kama joho la askofu. Naomba afande uandike kwamba tulicheka sana.

Nyuma ya jengo wamechimba nyumba ya kizamani ya kwetu, ile iliyozama ndani ya kilima. Paa lake ni udongo, liko sawa na ardhi, na mtu anaweza kupita juu asijue kuna nyumba chini. Nilisema kwamba bibi yangu aliishi kwenye nyumba kama hiyo hadi tulipohamishiwa vijijini, na leo tunalipa kiingilio kuiona. Mwongozaji, mama mtu mzima anayeitwa Bibi Fransiska, ambaye tulikuwa tumempa shikamoo, alijibu, "Lipeni tu, mwanangu. Mlikaa bure mkaikimbia."

Hapo akawakusanya watoto wote waliokuwepo kwa mchezo wa kujificha. Nilikuwa mlangoni na nilisikia kila neno. Alisema, "Zamani maadui walipokuja kuchukua ng'ombe, watoto walifichwa chumba cha ndani kabisa. Maadui wakipita juu ya paa, udongo utawadondokea. Msilie. Mkiitwa majina msiitike, hata mkisikia sauti ya mama. Adui ni mjanja, anajua kuiga. Msiitike hadi nije mimi mwenyewe niwashike mkono." Watoto walifurahi mno. Na mimi nilifurahi, kwa sababu bibi yangu alitusimulia vivyo hivyo.

Wazazi tuliambiwa tusubiri mbele ya jengo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Muda wa kuwatoa ulipofika, Bibi Fransiska hakuingia hadi ndani, magoti yanamsumbua. Aliita kutoka mlangoni, na watoto wakatoka mbio, maana walikwishachoka giza. Wangu hawakutoka. Watoto wasiosikia ndio waliopona, afande.

Bibi Fransiska alisema labda wametokea tundu la nyuma linalofungukia kwenye shamba la mahindi. Mlinzi, Gidion, aliingia na tochi, akarudi akasema mwisho ni ukuta mtupu. Alikuwa mgeni wa kazi. Hakujua kwamba pale alipoona ukuta ndipo palipokuwa na chumba.

Tulitawanyika. Mume wangu alikwenda barabarani, Gidion akaingia mahindini. Mimi nilipanda juu ya paa ili nione mbali. Nilizunguka pale juu nikikanyaga huku na huku, nikiita majina yao hadi sauti ikanikauka. Kimya. Getruda si mtoto wa kuitwa mara mbili, kwa hiyo niliwaambia watu kwa mdomo wangu, "Humu hawamo, twendeni mtoni." Watu wakanifuata.

Saa tisa alasiri mume wangu alirudi, akaingia mwenyewe. Alishika ule ukuta, mkono ukazama kwenye udongo mbichi. Akapiga yowe. Watu wakaja na majembe na sululu. Getruda alionekana kwanza, akiwa hai, amejibanza pembeni. Alikataa kutoka hadi Bibi Fransiska alipotambaa na magoti yake hayo mabovu akamshika mkono. Nicodemo alikuwa amefunikwa hadi shingoni. Hakuwa hai. Daktari alituambia udongo ulimkandamiza kifua. Nasema tena, ni udongo.

Tukiwa kwenye gari la kwenda hospitali, Getruda aliniambia, "Mama, tulikusikia. Nico alitaka kuitika. Mimi nikamziba mdomo." Kisha akaniuliza, "Kumbe ulikuwa ni wewe kweli?"

Jana msibani nilimsikia mwanamke mmoja akisema mtoto huyu amemuua mdogo wake. Nilimfukuza nyumbani kwangu mbele ya watu wote, paroko akiwepo, na akirudi nitamfukuza tena.

Sikuja kumshtaki Bibi Fransiska. Mumfunge, mumwachie, mwanangu harudi. Nimekuja kwa sababu neno la polisi watu wanaliogopa, na nataka liandikwe hapa kwamba Getruda hana kosa. Aliambiwa asiitike, hakuitika. Ni mimi niliyemlea awasikilize wakubwa. Na aliyesimama juu yao akasema hawamo ni mimi, si yeye. Nimechoka, afande. Sijui nitamleaje huyu aliyebaki.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Sina nguvu ya kuongeza.

Sahihi ya shahidi: G. Nikolausi

Maelezo ya askari: Nimeyaandika maelezo haya mimi, WP Koplo Rogathe, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Ombi lake kuhusu mtoto nimeliacha kama alivyolitamka. Saa 5:15 nilitoka nje kumwita mume wake, Yoakimu, aandikishe maelezo yake. Alikuwa amempakata Getruda kwenye benchi. Nilipomwita kwa jina, mtoto alimziba baba yake mdomo kwa mikono yote miwili, na baba hakuiondoa. Maelezo ya baba yameahirishwa hadi kesho.