Tuktuk kwa Jina la Matano

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kibubu kimekuwa kizito. Nimekinyanyua leo baada ya alfajiri, mke wangu Mwanarusi akiwa bado kwenye mswala wake. Noti hazina sauti, kwa hiyo siwezi kukitikisa nikajua. Nakadiria kwa mkono tu, kama ninavyokadiria kitambaa.

Maulidi yamepita, kanzu hazishonwi tena. Cherehani inalala. Kila ninachotia humo sasa nakitoa mdomoni. Kahawa ya barazani nimeacha. Gazeti nasoma la jana, kwa kinyozi. Samaki wa kupaka tumemuaga, tunakula dagaa.

Mwanarusi ameniambia leo, huku anachambua mchele: "Baba Hanifa, watu hujinyima wakajenga nyumba. Wewe unajinyima ujenge tuktuk."

Nina miaka sabini na miwili. Tangu nilipoletwa hapa Msambweni kutoka Pemba, mtoto, mwaka wa mapinduzi, kila nilichoweka akiba kilikuwa cha kukimbia nacho. Hiki ni cha kwanza cha raha. Labda ndiyo maana kinanitia hofu.

Na raha yenyewe si kubwa. Tuktuk ipo tayari uani. Kiti cha abiria kitolewe, liingie benchi refu la kuegemea. Paa la nyuma lifunguke kwa turubai. Chini ya benchi rafu ya vitabu, juu taa ndogo ya sola. Alasiri nifunge cherehani, niende nayo mpaka penye upepo, nisome. Watu wanadhani nataka kwenda kuitazama Pemba. Pemba haionekani kutoka hapa. Nataka mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza suruali yake imefika wapi.

Ijumaa, 19 Septemba

Ukunda, kwa Mwinga, fundi wa kuchomelea. Nimelipa nusu, pesa za kanzu za Maulidi. Viti na turubai nitashona mwenyewe, ndiyo bei ikashuka.

"Mzee wangu, hii ni tuktuk au maktaba?"

Vyote viwili, nikamwambia.

"Basi nitie na kitanda kabisa, mama akikufukuza usihangaike."

Vijana wa gereji wakacheka. Nami nikacheka, mpaka alipowasha msumeno na kuanza kukata paa. Hapo kicheko kikanikauka. Nilisimama nikiona cheche zinaruka na neno moja likinizunguka kichwani: si yako. Si yako.

Kwa karatasi, si yangu. Logibuku, kadi ya umiliki, ina jina la Matano, jirani yangu. Tulipoinunua, mwaka wa korona, sikuwa na kitambulisho. Hakuna Mpemba wa huku aliyekuwa nacho, serikali ilikuwa haijatutambua. Kununua chombo, kusajili laini ya simu, kila mmoja wetu alikuwa na Mdigo wake, mwenyeji, wa kumwazima jina. Matano alinipa lake bila kuomba hata soda. Bima kila mwaka analipa yeye, kwa pesa yangu, kwa sababu jina ni lake.

Kitambulisho ninacho sasa, mwaka wa pili. Ingetosha tuende pamoja tukabadilishe. Sijamwambia. Mtu amekufunika mvua miaka yote, jua likitoka tu umwambie rudisha mwavuli? Halafu kuna ada. Ada ya kubadilisha jina na bei ya benchi zinatoka kibubu kimoja. Nikasema benchi kwanza, jina halikimbii.

Jumatano, 24 Septemba

Matano amelazwa. Kifua.

Mwanarusi amenisindikiza mpaka mlangoni: "Leo mwambie."

Nimekwenda na machungwa. Mwanawe Ramadhani alikuwa hapo, anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa kidevu. Mkataba wake wa hoteli kule Galu umeisha, ndiyo maana ana nafasi ya kumuuguza. Mwana mwema. Matano amenishika mkono.

"Tuktuk imefika wapi?"

Nikamweleza benchi, paa, rafu. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nikitoka hapa unipeleke nayo Ukunda, Faki. Nikae nyuma kama sultani, wewe uendeshe."

Nikasema inshallah. Mtu ana sindano ya maji mkononi, nimpe kalamu atie saini? Nimerudi nyumbani. Mwanarusi alinitazama tu, akajua.

Jumamosi, 27 Septemba

Matano amefariki jana. Tumemzika leo kabla ya adhuhuri.

Baada ya dua, Ramadhani alisimama kama desturi. Sauti yake haikutetemeka. Yeyote anayemdai marehemu, au aliyemwekea amana, ajitokeze, familia ipo tayari, baba asilale na haki ya mtu.

Udongo mbichi, watu wamevaa kofia, jua. Nilikuwa mstari wa pili. Kinywa kilikuwa changu, lakini ningesema nini? Nisimame juu ya kichwa cha rafiki yangu niseme tuktuk? Niliangalia vidole vya miguu yangu. Watu wakaanza kuondoka.

Jumanne, 30 Septemba

Mwinga amepiga simu. Paa limekatwa na vuli imebisha hodi. Nimalizie au nikaiondoe, anataka nafasi.

Tumegombana, mimi na Mwanarusi, kwa heshima, kama tunavyogombana sisi. Yeye anasema pesa zikae, zitahitajika: ofisini, kwa kadhi, Mungu ajuaye wapi. Mimi nasema tuktuk isiyo na paa ikinyeshewa itakuwa chuma chakavu, haitamfaa yeyote atakayeipata.

"Sasa umeshaanza kusema 'atakayeipata,'" akasema.

Kibubu nimekivunja kwa nyundo ya kurekebishia cherehani. Kilitengenezwa bila mlango makusudi, ukitaka chako ukivunje. Ndani zilikuwamo pesa pungufu kuliko nilivyokadiria. Za kumaliza kazi ya Mwinga zinatosha. Za kumaliza na kubakisha, hapana.

Nimezipeleka kwa Mwinga.

Jumatano, 8 Oktoba

Imekamilika! Nikiwa peke yangu na karatasi hii nakubali kusema: ni nzuri. Benchi nimelishonea kitambaa cha kijani kibichi, mshono maradufu. Turubai linafunguka kwa kamba moja. Mwinga amepaka rangi bila kuongeza pesa, ati asije akaaibika watu wakiuliza fundi nani. "Ikiuzwa hii leo, mzee wangu, si bei ile tena. Imepanda."

Nilikwenda nayo taratibu, nikaiegesha kivulini, nikafungua turubai. Nikasoma kurasa mbili. Nilikuwa nasoma mstari uleule.

Njiani kurudi nimekutana na Ramadhani. Kanisimamisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Kaizunguka. Kaingia ndani, kakaa kwenye benchi, kainua turubai, kalishusha. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa. Hakuwa na sura ya mwizi. Alikuwa na sura ya mtu asiye na kazi ambaye ameona kazi.

"Wageni wa Galu wakiiona hii, ami. Asubuhi uwachukue wawili, jioni wawili. Hawateremki."

Nikasema ndiyo, ni starehe. Akanishukuru. Kwa nini alinishukuru?

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja na wajomba zake wawili. Wamekunywa chai. Mwanarusi aliwatolea kaimati, wakasifu. Halafu mjomba mkubwa akasema wanakusanya mali ya marehemu ili igawanywe, na katika karatasi zake wamekuta logibuku.

Nikaeleza. Pole pole, bila kuruka kitu. Sikuwa na kitambulisho, pesa zilikuwa zangu, jina lake.

Ramadhani alikuwa ameinamisha kichwa. "Ami, mimi sikubishii. Lakini nilimwona baba akienda kulipa bima miaka yote. Na siku ya mazishi niliuliza, watu wote wakiwapo. Ami ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Hukusema."

"Ningesemaje pale, mwanangu?"

"Basi mimi nitajuaje hapa?"

Mjomba mkubwa, mtu mpole, akasema hakuna mwenye nia mbaya, lakini kuna mayatima wadogo na haki yao haichezewi. Twende kwa sheikh. Mpaka hapo, tuktuk isiuzwe wala isitembezwe mbali.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Siku tulipoinunua sikuwa najua kuendesha. Matano hajawahi kujua. Aliyeitoa kwa muuzaji mpaka hapa uani ni Ramadhani. Kijana wa miaka kumi na tisa, amefurahi, anapiga honi kila kona. Alisimama pale nilipomhesabia muuzaji pesa kutoka kwenye mfuko wa nguo. Yeye ndiye aliyeushika mfuko.

Je, amesahau? Kijana anakumbuka honi, si pesa. Inawezekana. Nimejaribu kuliamini hilo tangu walipoondoka. Kuna saa naliamini.

Jumanne, 14 Oktoba

Anayejua kila kitu ni Zainabu, mjane wa Matano. Lakini yumo edani. Mimi si maharimu wake, siwezi kuingia nikamuuliza, na miezi mitatu na ushei bado. Mwanarusi amekwenda, na ndoo ya machungwa na sabuni.

Amekaa huko mpaka adhuhuri. Nilishona kola ya mteja upande wa ndani nje, nikafumua, nikashona tena vilevile.

Aliporudi alivua buibui kwanza, akanywa maji. Kisha akasema Zainabu hakumwacha hata amalize. Amesema mumewe alimwambia zaidi ya mara moja: jina nimelitoa, chombo si changu. Na atalisema hilo kwa sheikh, nyuma ya pazia, akiulizwa.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Ngoja. Ramadhani alikuwa anapita na ndoo za maji uani. Anasikia. Mamake akapandisha sauti makusudi."

"Ramadhani akasema nini?"

"Akaendelea kujaza mapipa."

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua usiku kucha. Nimeifunika tuktuk kwa turubai la pili, nikalifunga kamba, nikarudi, nikaenda tena kukaza. Kama ni yangu, nailinda. Kama si yangu, nailinda pia, ni amana. Sijui mikono yangu ilikuwa inafunga ipi.

Hanifa amepiga simu kutoka Mombasa. Anasema, baba, waachie, nitakununulia redio ukae barazani. Nikamshukuru. Hakuna aliyewahi kunikosea kwa upendo kama huo. Kule Pemba nimeachia nyumba, nimeachia mikarafuu ambayo siijui tena hata ni ya nani. Wakati ule nilikuwa mtoto, niliachishwa. Sasa nikiachia, nitakuwa nimeachia mwenyewe.

Mwanarusi ameuliza kwa sauti ndogo kama nimeshapata kibubu kingine. Nimesema bado.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika ndani ya tuktuk, nje ya msikiti. Tumesimamisha mazungumzo kwa ajili ya alasiri, wenzangu wanatawadha. Benchi hili ni la kuandikia vizuri kuliko nilivyotarajia.

Tulikaa ukumbini kwa sheikh: mimi, Ramadhani, wajomba wake, majirani wachache. Sheikh alikwisha kwenda kumsikiliza Zainabu asubuhi, akatusomea alichosema. Ni kile kile, neno kwa neno. Mwanarusi naye akasema nyuma ya pazia: pesa zilitoka kwetu, mfuko aliushona yeye.

Sheikh akahesabu kwa vidole. Wanawake wawili. Kisheria anatakiwa pia mwanamume mmoja aliyeona kwa macho, basi, mambo yataisha na hakuna atakayeudhika.

"Muuzaji yuko wapi, Mzee Faki?"

Alihamia bara. Hatujui alipo.

"Siku ile, nani mwanamume mwingine alikuwapo?"

Nilimtazama sheikh tu, niliogopa macho yangu yasije yakageuka upande. Ramadhani alikuwa kushoto kwangu, karibu sana, naisikia pumzi yake. Wajomba wakangoja. Mjomba mkubwa akasema, "Sema tu, mzee, kama yupo ataitwa." Ndipo adhana ikaadhiniwa. Sheikh akasema tuswali kwanza, mzee akumbuke vizuri, tukirudi atutajie jina.

Wote wanadhani najaribu kukumbuka.

Nikimtaja, nimemsimamisha mbele ya wajomba zake, katika msiba wa baba yake, achague kuwa shahidi wangu au muongo. Na kama kweli amesahau? Ataitwa muongo kwa kusahau. Nisipomtaja, narudi nyumbani kwa miguu, na Matano amelala na haki ya mtu, kitu alichokikimbia maisha yake yote. Jina lake lilinibeba. Nimtaje mwanawe kwa jina?

Vijana wameanza kuingia msikitini. Ramadhani ametoka upande wa pipa na birika la maji. Anakuja huku. Wengine wanatawadha wenyewe, mimi ananiletea, magoti yangu anayajua. Amelishika kwa mikono miwili kama alivyolelewa.

Amesimama hapa, pembeni ya turubai. Hajasema nipe mikono. Ameuliza, chini kwa chini, bila kuniangalia: "Ami, tukirudi ndani utamtaja nani?"

Nimemwambia aningoje nimalize mstari huu.