Kamera Isiyoona Mbali

Jumapili. Joto la kunata, kanga kwenye kamba hazitikisiki, na mimi nina hasira tangu jana asubuhi.

Wanasema ukiiandika hasira inapoa. Ngoja tuone.

Mimi ni mwindaji. Watu wakisikia hivyo wanacheka, kwa sababu mtandaoni mwindaji ni mwanaume mwenye bunduki, mbwa, na kamera juu ya kofia. Mie nina mchokoo, yaani fimbo yenye ncha ya chuma, na raba zilizotoboka. Siku za bamvua, maji yakipwa hadi mwamba wote unabaki wazi, natoka na Shangazi Somoe hapa Kunduchi kutoa pweza kwenye mapango yao.

Nilitaka kujirekodi kwa sababu moja tu. Pweza wananiponyoka. Shangazi anachomeka, anazungusha, anavuta, kwisha. Mie nachokoa mpaka maji yanakuwa wino mtupu. Nilidhani nikijitazama nitajua mkono wangu unakosea wapi.

Basi bamvua iliyopita nikaazima kamera ya Zuberi, mtoto wa Shangazi. Ndogo kama kiberiti, haiogopi maji, inafungwa kichwani kwa mkanda. Nilijisikia mtu mkubwa. Jioni nikamrudishia na video zikiwa humo humo.

Zuberi akaziweka kwenye ukurasa wake. Hakuniuliza.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa huku hatulielezi. Pango la pweza halina bango. Unalijua kwa alama mbili za nchi kavu, moja ya karibu na moja ya mbali. Zikikaa kwenye mstari mmoja, umesimama penyewe. Pango zuri mama humwonyesha binti, na hata akilionyesha hanyooshi kidole, anasimama tu. Tena halivunjwi. Unamtoa mwenyewe, unaiacha nyumba, na bamvua nyingine unakuta mpangaji mpya.

Lakini kamera ile jicho lake ni pana. Mimi nilikuwa natazama chini kwenye shimo. Yenyewe ilikuwa inatazama shimo, mwamba, ufuko, na alama zote mbili.

Jana tulipofika kwenye pango alilorithi Shangazi kwa mama yake, lilikuwa limepasuliwa kwa mtaimbo. Vipande vyeupe vimetapakaa kama sahani iliyovunjika. Halitakaliwa tena na pweza yeyote.

Shangazi aliinama, akaokota kipande kimoja, akakirudisha mahali pake. Kikaanguka.

"Kichwani mwako umefunga nini, we Rehema?" akaniuliza. Sikuwa nimefunga kitu, kamera ilikuwa kwa Zuberi. Nilijua anauliza ya siku ile. "Umetuuza. Usinifuate tena huku."

Wanawake wengine walisikia. Mmoja akapaza sauti, "Mwacheni msanii apite, asije akaturekodi!" Wakacheka, na hakuna kicheko kibaya kama cha watu waliokufundisha kutembea juu ya matumbawe.

Nilirudi peke yangu.

Zuberi nilimkuta amelala. Nikamwambia pango la bibi limevunjwa. Akafungua jicho moja. "Lakini ile video ya pangoni imetazamwa sana, sista. Umeshakuwa staa." Nilimwambia aifute. Akasema ataifuta. Nimeangalia sasa hivi, bado ipo.

Na mama yake hajamwambia kitu. Mimi ndiye msaliti, yeye kaandaliwa chai. Naandika hivi kwa makusudi, Zuberi, maana najua unausoma ukurasa wangu huu.

Mchana huo wa jana nikaenda Kariakoo na akiba yangu yote. Muuzaji akanitolea kamera tatu za bei nafuu, akaisifia moja kuliko zote. "Hii, mdogo wangu, inaona mpaka kwa jirani."

"Hiyo ndiyo siitaki. Nataka isiyoona mbali."

Alinitazama kama nimeomba mwavuli wenye matundu. Akamwita mwenzake. "Njoo usikie, kuna mteja anataka kamera kipofu!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jana ilikuwa siku yangu ya kuchekwa. Nilinunua kitu kimoja tu, mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, ule wa kuvalisha simu, wenye kamba ya shingoni. Nikatoka bila kusema asante. Mama angesikia angenigombeza.

Kamera ninayo tayari, simu ya zamani ya mama yenye kioo kilichopasuka. Leo baada ya kanisa nimeivalisha mfuko, nikaifunga kifuani ikitazama chini. Bado iliona ukuta. Nikakata kifuniko cha mafuta ya nywele kiwe kama pete, nikakipaka dawa ya viatu nyeusi ndani, nikakibandika mbele ya jicho lake. Sasa picha inatoka mviringo, kama unachungulia pangoni. Mkono, mchokoo, maji. Basi.

Nikajirekodi nikichokoa kitambaa kwenye ndoo, pale karoni tunapofulia. Kisha nikaenda kwa Shangazi, nyumba ya mlango wa pili, uwanja ni mmoja. Alikuwa anachambua mchele. Shikamoo yangu aliijibu kwa pua.

Nikamwekea simu mbele. Hakutaka kutazama, halafu akatazama.

"Hapo ni wapi?" akauliza, sauti imejaa shari. "Umeenda mwamba wa nani tena?"

Ilikuwa karo yake. Anafua hapo kila siku, na asubuhi hii ameisugua mwenyewe.

Nikamwonyesha kwa kusimama tu. Nilitembea mpaka karoni, nikasimama, sikunyoosha kidole.

Aliitazama karo, akaitazama simu. Hakutabasamu, nisidanganye. Aliirudisha video mwanzo, akaitazama mara ya pili, akasonya.

"Kiwiko chako kiko juu mno," akasema. "Ndiyo maana wanakukimbia."

Akarudi kwenye mchele wake. Hakusema nimfuate bamvua ijayo, wala hakurudia kwamba nisimfuate.

Hasira haijapoa. Lakini nimesimama hapa chumbani na ufagio badala ya mchokoo, nashusha kiwiko.