Noti Iliyokufa kwenye Piano ya Chumba Kidogo

Chumba cha Santuri,
Ghorofa ya chini.
Jumatatu, tarehe 4.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakusihi barua hii uisome peke yako, na ukimaliza uitie motoni. Hata Baba hajui kama nimekuandikia.

U mzima lakini? Magoti yanasemaje? Nasikia ngazi za hapo kwenu zimeanza kukushinda. Sisi hatujambo, ila mimi nimechoka, uchovu ule usioondoka kwa kulala. Mama anasema nimebaki macho tu.

Ile kazi niliipata, asante kwa dua zako. Ni ukarani katika chumba cha kuhifadhi santuri za zamani za studio moja ya muziki. Bado nipo kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo hata kupiga chafya karibu niombe ruhusa.

Mkuu wetu anastaafu mwisho wa mwezi. Kumuaga, ofisi inataka kuitoa upya ile santuri ya jazi iliyompa sifa, ambayo nyuma ya jalada lake ameandikwa yeye kuwa mpiga piano. Nimeagizwa kuhakiki majina ya wapigaji na mahali iliporekodiwa, kisha nitie sahihi. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja.

Jalada linasema ilirekodiwa ukumbi mkubwa, mwezi wa kumi na mbili. Nimeisikiliza mpaka masikio yanauma, na ukumbi siusikii. Mlio ni wa chumba kidogo, na piano kila inaposhuka inaruka noti moja, ileile, nyimbo zote nane. Nikamtafuta fundi aliyekuwa akitengeneza piano za hapa. Ni mzee sasa, madaftari yake yamo kwenye boksi la viatu. Tuliikuta: piano ya chumba kidogo, noti moja ya chini imekufa tarehe tisa mwezi wa sita, imetengenezwa tarehe ishirini na sita. Santuri ilirekodiwa kati ya siku hizo.

Nikarudi kufungua faili la likizo la mwaka ule. Mwezi wa sita wote Mkuu alikuwa kwao, likizoni, kwa sahihi yake mwenyewe. Nilipomwambia fundi, alicheka mpaka akakohoa.

"Yule? Mjukuu wangu, yule piano alikuwa anaiegemea apigwe picha."

"Sasa alipiga nani?"

Akafunga daftari. "Waliokuwepo wanajua. Mimi nilikuwa wa nyaya tu."

Shangazi, nilimuuliza huku najua. Kabla ya wimbo wa kwanza, mtu anagonga mbao ya piano kwa pete, mara mbili. Mimi niliyefundishwa sebuleni kwako, nikidonoa kwa kidole kimoja mpaka ukanibandika jina, nitashindwaje kuujua mlio ule? Hukuwahi kuanza somo bila kugonga.

Baba hadi leo anasimulia jinsi mwezi wa sita wa mwaka ule ulivyokwenda kozi ya kupiga chapa, wiki tatu, ukarudi hujui hata kuingiza karatasi kwenye mashine. Anacheka sana. Siku hizi mimi sicheki. Najua pia kwamba marehemu Babu aliapa binti yake akionekana na bendi asikanyage tena kwake. Kwa hiyo sijui kama jina lako lilichukuliwa, au ulilificha mwenyewe.

Ijumaa iliyopita Mkuu alisimama mlangoni kwangu. "Unachimba nini siku zote hizi, karani? Majina yapo kwenye jalada. Nakili, tia sahihi, tukanywe chai." Alisema kwa upole. Natakiwa kukabidhi Ijumaa, tarehe 29. Sehemu ya mpiga piano bado tupu. Nikiandika jina lake, wewe hukuwahi kuwamo. Nikiandika lako bila idhini yako, nimekuanika, na kazi huenda sina.

Nisalimie binamu yangu mshonaji na mapacha wake, na jirani yako muuguzi anayekupandisha ngazi. Mungu akupe wepesi wa magoti na usingizi wa kutosha. Na mimi uniombee.

Usinijibu ofisini, barua zetu hupitia mezani kwa katibu wake. Nyumbani pia usipige, Baba ndiye anayepokea. Piga kwa fundi viatu wa mkabala na ofisi, Jumatano ya tarehe 20, saa saba mchana. Namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sema unamtaka Kidole Kimoja. Hatakuhoji, muda wote ana misumari mdomoni. Nitakuwa nimesimama pale.

Kama maneno ni mazito, usiseme kitu. Gonga meza mara mbili, nami nitaandika jina lako. Ukikata simu bila kugonga, nitapaacha tupu. Lake siliandiki.

Wako akupendaye tangu kwenye kile kigoda cha piano,
Kidole Kimoja