Namwibia Mama Mkwe Majibu ya Hesabu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana nimejitia mwenyewe kwenye aibu na sijui nitatokea wapi. Mimi ni fundi wa mapazia, nimejiunga na darasa la watu wazima ili nipate cheti niajiriwe kufundisha chuo cha ushonaji, na siku ya kwanza naingia tu, nikamkuta nani, mama mkwe wangu, amekaa dawati la mbele na penseli mbili zimechongwa, nikataka kurudi nyuma, naye akaniita mbele za watu, "Mwanangu, njoo ukae hapa," basi nikakaa, ningefanyaje?

Sasa tumefika kwenye milinganyo na kichwa changu kimegoma, mwalimu akiandika 3x + 6 = 96 mimi ile 6 naifuta, nagawa 96 kwa tatu, napata 32, mama mkwe anapata 30 na tiki yake. Basi, nisikufiche, wiki ya tano hii jicho langu liko kwenye daftari lake, na nyumbani anamwambia mke wangu, "Mumeo ana kichwa, we acha tu," nami nakoroga chai niliyokwisha kuikoroga. Kwenye mtihani wa Ijumaa kila mtu anakaa peke yake, na nikifeli, ile kazi ya chuo basi tena. Nisingizie ugonjwa?

Fundi wa Mapazia

Fundi, nimecheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika.

Husingizii chochote. Utasema unaumwa nini, namba sita?

Una kitambaa cha inchi 96. Umekata mapazia matatu yanayolingana, kikabaki kipande cha inchi sita. Kila pazia lina urefu gani? Najua umeshajibu: unatoa sita kwenye 96, zinabaki 90, unagawa kwa tatu, thelathini. Hiyo ndiyo x, bwana! Kazini hukosei, ila ukifika darasani unaitoa sita kushoto, kulia unaacha vile vile. Alama ya sawasawa haitaki upendeleo. Ukitoa sita huku, toa sita na kule. Ukigawa kwa tatu huku, gawa na kule, mpaka x ibaki peke yake. Kisha lirudishe jibu mahali pa x ulipime: tatu mara thelathini, ongeza sita, 96. Ile 32 yako inaleta 102, na hizo inchi sita za ziada ungezitoa wapi?

Kuhusu kunakili, hapo sikuchekei. Mtu mzima, wiki tano! Leo hii nenda kwa mama mkwe, mwambie ukweli kwa mdomo wako, umwombe akufundishe. Atakutania mpaka uchoke, na unastahili. Halafu fanya milinganyo kumi kila siku, daftari lake likiwa limefungwa.

Ukifaulu, usiniandikie mimi. Mpelekee yeye ile karatasi ya matokeo, kwa mikono miwili, kabla hata mkeo hajaiona.