Barafu ya Bukama

Liège, mwezi wa pili

Mama yangu,

Wafwako, Mama. Nakusalimia wewe kwanza, halafu Papa, halafu kila anayelala chini ya mabati ya nyumba yetu ya reli. Mgongo wako unasemaje? Papa bado anakwenda gare kila asubuhi kungojea treni isiyokuja? Hapa redio inataja Katanga mara chache, na ikitaja ni habari za askari tu, basi nazima na kuomba. Mimi mzima. Nasema mzima, lakini mwezi uliopita nililala hospitali siku nne, na mambo ya siku hizo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Keti uisome polepole. Kama watoto wako karibu, watume maji kwanza.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa pasta. Umeniambia watu wa Mulongo wamekimbia vita na kujaa Kamina, wanalala katika madarasa ya shule ya kanisa. Umeniambia Tantine Umba, dada wa Papa, yuko kati yao, amekonda, anakohoa, na kwamba alifika kwetu na kifurushi kichwani, nawe ukafunga mlango. "Mulozi hawezi kurudia nyumba kwenye alikulaka mutoto," njo vile uliandika. Nimelisoma neno hilo la uchawi mpaka karatasi imelegea.

Unajua kwamba ugonjwa wa sukari uliomchukua pacha wangu Kabange ulinifuata hata huku. Ambalo sijakuambia ni kwamba tangu mwaka jana sijichomi tena asubuhi na jioni. Wamenipa mashine ndogo, inaenea kiganjani, ina dawa ya insulini ndani yake na mrija mwembamba unaoingia chini ya ngozi ya tumbo. Inasukuma tone, inapumzika, inasukuma tena, mchana na usiku. Nikila, nabonyeza inipe zaidi. Nikioga, naichomoa kwa dakika chache na kuirudisha haraka. Kila siku ya tatu nanawa mikono, nabadilisha sindano na mrija, natazama hewa isiwe imeingia, kisha nachagua mahali pengine pa tumbo ili pa zamani papone.

Inafanya kelele ndogo sana inaposukuma. Mama, sitakuficha: kila ikilia, Kabange yupo. Anakuja na lile shuka lake la mistari, midomo imekauka, anatazama tumbo langu. Ulitufundisha kwamba mapasa, watoto wawili wa tumbo moja, hawapewi kitu kimoja bali viwili, kwa hiyo hata pamba ya kupangusia ngozi natenga mbili. Ya pili naitupa bila kuitumia. Mwenzangu wa chumba ananiona na kudhani naogopa uchafu, nami namwacha adhani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Hapa ilikuwa baridi ile ya kukata masikio. Muforomo wa hospitali, mama muuguzi mkali mwenye nywele nyeupe, alikuwa ameniambia mashine ikae ndani ya nguo, karibu na mwili. Unanijua, mimi mbishi. Nilichoka kuisikia ikilia juu ya ngozi yangu, nikaifunga nje ya koti, kwenye mkanda, na mrija nikaupitisha kati ya vifungo. Nikangojea basi katika theluji, basi likachelewa, nikangoja zaidi ya saa nzima. Wakati fulani mashine ilipiga kengele kwamba kitu kimeziba. Nilipofika ndani kwenye joto nikaibonyeza, ikanyamaza, ikaendelea kusukuma kama kawaida. Nikasema basi, imepona. Sikujipima damu.

Kesho yake kiu ilinishika. Nilikunywa maji na kukojoa, nikanywa na kukojoa, mpaka nikaanza kutapika. Mashine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, haikosi tone. Wakanibeba mpaka hospitali. Yule mama mkali akaja, akatazama mashine, akaniuliza niliiweka wapi. Nilipomwambia, aliketi kitandani pangu akasema: "Dawa hii ikiganda inakufa. Hata ukiiyeyusha, hata ikionekana safi kama maji, imekufa. Mashine haijui. Damu yako ndiyo inayojua, na wewe hukuiuliza." Akanieleza kwamba sukari ikipanda na haishuki, nisibishane na mashine: nijichome kwa sindano ya akiba, nibadilishe dawa, mrija na kila kitu, nipige simu.

Mimi sikumsikia mpaka mwisho. Nilikuwa nimesimama gare ya Bukama.

Mama, unakumbuka mwaka ule, nchi ilipokuwa bado Zaire, dawa ya Kabange ilipokwisha Kamina na mukanitumia habari Lubumbashi. Nilipata chupa nne. Nikazitia katika termosi na barafu kidogo, nikapanda treni. Njia ya siku mbili. Tulipofika Bukama mashine ya treni ikaharibika, tukalala hapo siku nne katika joto la Lualaba, watu wanapika kati ya reli. Barafu yangu ikawa maji, maji yakawa vuguvugu. Nililia. Mwanamke mmoja muuza samaki alikuwa na sanduku lake la bati, limejaa samaki na barafu iliyopondwa, na juu yake amemwaga chumvi.

Nikamwuliza, "Mama, chumvi ni ya nini?"

Akanijibu, "Inafanya baridi inakuwa kali, mwanangu. Samaki yangu inafika Kamina iko nguvu sawa jiwe. Leta dawa yako, tutaiweka katikati."

Tukaiweka katikati. Mimi mwenyewe nilizika chupa zile kwa mkono wangu, moja moja, nikafunika. Na treni ilipoondoka nilikaa juu ya sanduku lile nikiimba.

Unakumbuka tulipozitoa? Zilikuwa zimeganda kweli kweli. Niliziyeyusha kwapani, zikarudi kuwa maji masafi. Papa akasema mbele ya watu, "Muone mutoto mwenye akili. Treni siku sita na dawa bado baridi." Na wewe ulicheka, ukanipa paja la kuku. Sisi watu wa kwetu, dawa tunaiogopea jua. Nani angefikiri kuiogopea baridi? Hata muforomo wetu aliishika chupa, akasikia baridi yake, akasema dawa ni nzuri, akamchoma Kabange asubuhi na jioni bila kukosa. Na Kabange akaendelea kunywa maji na kukojoa, pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva sana. Siku ya tano hakutujua tena. Siku ya saba tulimzika.

Ndipo uliposema neno lile, na sikulaumu, maana lilikuwa na akili yake: "Kama dawa iko muzuri, na mutoto anakufa, basi kuko muntu." Na mtu alikuwa nani? Tantine Umba, mjane, asiye na mtoto, aliyekuwa anampikia Kabange uji na kumnywesha kwa kijiko wewe ulipochoka. Alilia akasema, "Miye? Mutoto wa kaka yangu?" Papa aliangalia ukuta. Wazee wa kanisa waliangalia viatu vyao. Akafunga kitambaa chake, akaenda Mulongo kwa ndugu wa marehemu mume wake, kukausha samaki wa watu. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina mdomo, na sikusema kitu, kwa sababu moyoni nilifurahi kwamba kuna mtu amepatikana.

Hilo nalo nakuungamia. Nilifurahi.

Sisemi ulozi hauko, Mama. Sijaja Ulaya kukufundisha wewe dunia. Nasema tu kwamba siku ile haukuwa nyumbani kwetu. Kilichokuwa nyumbani kwetu ni chupa nne za maji, nami ndiye niliyezileta. Sasa najua kwa nini Kabange anakuja na kutazama tumbo langu. Mimi niliamka siku ya pili hospitalini kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuliza dawa ilikuwa wapi. Kwake hakuna aliyeuliza. Tuliuliza ni nani.

Umeandika kwamba nyumba haiwezi kumpokea kwa sababu ya damu ya mtoto. Kama nyumba yetu haiwezi kukaa bila mulozi, basi andika jina langu, nifungie mimi mlango. Mimi niko mbali, mlango ukifungwa sitalowa mvua. Yeye yuko sakafuni mwa darasa na anakohoa, vita viko nyuma yake, na mbele yake iko nyumba ya kaka yake. Nenda, Mama. Usimtume mtu. Nenda mchana, watu wakiwapo, maana neno lile ulilisema watu wakiwapo. Mweleze habari ya barafu kama nilivyokueleza. Akikataa kusimama, keti naye chini mpaka asimame. Najua nakuomba kitu kizito, kwa sababu siku utakapomnyanyua yeye itabidi uniweke mimi mahali pake, na mimi ndiye pekee uliyebaki naye katika mapasa wako. Nimelifikiria hilo siku zote hizi. Bado nakuomba.

Usiogope kwa ajili yangu. Mashine sasa inakaa ndani ya nguo. Najipima damu kabla ya kula na kabla ya kulala, na sindano za akiba ziko mfukoni.

Nisalimie Papa, umsomee barua hii yote, hata pale anapoangalia ukuta. Nisalimie mdogo wangu Banza, mwalimu, umwombe asifunge shule mapema hata kama mshahara hauji. Nisalimie jirani yetu Mama Mwamba, mwenye kukupikia bukari mgongo ukikukamata, na wote wa kwaya.

Tantine Umba usinisalimie. Nitamwandikia mwenyewe barua yake ya kuomba msamaha, na nitaituma nyumbani kwetu, chumba cha Kabange. Kama Tantine hayupo humo, hakutakuwa na mtu wa kuipokea.

Ni mimi mwanao,
Kyungu