Bawa la Chini la Kushoto

Kakamega, 6 Oktoba 1963

Mpendwa Mjomba Protus,

Nakusalimu wewe na Mama Selpher. Mimi mzima. Mguu wako umepata nafuu?

Ile ndege ya mabawa ya juu na ya chini uliyoishonea vitambaa wakati wa vita, sasa naiunda kwa udogo. Futi moja ya yako ni inchi moja ya yangu. Mbavu zake nimechonga kwa mti mwepesi niliokata karibu na Isecheno. Itaendeshwa na mpira wa kusokota. Kuifunika natumia karatasi nyembamba za nakala zilizoharibika ofisini. Nyinyi mlikazaje kitambaa?

Mpwa wako,
Chrispinus


Butere, 14 Oktoba 1963

Mpwa wangu,

Barua imefika. Mguu unanisumbua siku za mvua tu.

Nyunyiza maji kidogo; karatasi itajikaza ikikauka. Kisha paka vanishi. Sisi mzungu alipita akigonga bawa kwa kidole. Likilia kama ngoma, liko tayari.

Lakini ni mti gani huo? Una miiba na maua mekundu? Nijibu. Mama Selpher anauliza kama ndege hiyo italeta mke.

Mjomba wako,
Protus


Kakamega, 20 Novemba 1963

Mpendwa Mjomba,

Nisamehe kimya changu. Mwili mzima, ila usingizi umenikataa.

Jumapili ndege iliruka. Ilizunguka uwanja mara mbili ikatua kwa magurudumu. Nilipoiokota nikaona maandishi kwenye bawa la chini la kushoto: KHARAYI, MJANE, SHAMBA 41, LUMAKANDA. Na sahihi ya Bwana Shamba.

Ni ukurasa wa mwisho wa orodha ya watakaogawiwa mashamba. Alikwisha kutia sahihi ndipo nikaona nimetaipu r badala ya l. Niliuchomoa niuandike upya, nikaona haya kumwomba sahihi tena, mpaka akarudi kwao Uingereza. Ukapotelea kwenye karatasi mbovu. Orodha ilienda bila mama huyo.

Juzi alisimama mbele ya meza yangu. "Angaria tena, mtoto wangu. Bwana Shamba arinisomea jina mwenyewe."

Mkuu wa makarani akaniuliza kama niliwahi kuuona ukurasa wake. Nikasema sijauona. Tarehe 29 shamba atapewa mwingine. Nikikiri, nitafukuzwa.

Ndiyo, Mjomba. Miiba na maua mekundu. Ni murembe.

Mpwa wako,
Chrispinus


Butere, 24 Novemba 1963

Chrispinus,

Leo sikuulizi hali.

Wazee walimpeleka mtu penye murembe aape, na aliyedanganya pale alijua anajiua. Wewe umeukata, ukaulaza chumbani mwako, ukaenda kudanganya. Mimi Mkristo, siogopi mti. Namwonea haya mama yule aliyekuita mtoto wake.

Usibandue karatasi, itachanika. Peleka bawa lenyewe.

Ndugu ya mama yako


Kakamega, 29 Novemba 1963

Mjomba, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Natumaini barua hii inawakuta salama.

Nililibeba bawa mchana, bila kulifunika. Sokoni wakasema, "Karani, lingine umelisahau wapi?"

Mkuu wa makarani aliliinua dirishani, akasoma. Akauliza, "Kwa nini r?" Nikasema ndivyo midomo yetu inavyomwita. Akasahihisha kwa kalamu palepale juu ya bawa, kisha akaligonga kwa kidole. Likalia.

Mama Khalayi amerudishwa kwenye orodha. Alinipa mkono. Nilitazama viatu vyangu.

Bawa limefungwa kwa uzi ndani ya faili lake. Mimi nimeambiwa niende nyumbani ningoje barua. Jumamosi ya wiki ijayo nitafika Butere na ndege iliyobaki. Tafadhali usinisaidie kutengeneza bawa jingine.

Mpwa wako,
Chrispinus